Kugema: Historia Fupi ya Maji Matamu ya Miti, Kutoka Mnazi wa Pwani Hadi Mirija ya Mepoli

Methali isemayo "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" imo katika karibu kila mkusanyo wa methali unaotufikia shuleni, na kwa sababu hiyo hatuna budi kuifundisha. Hapa Buyenzi, hata hivyo, ni methali yenye taabu. Mwalimu wa Tanga au Mombasa akitaka kuieleza hunyoosha kidole dirishani akaonyesha mnazi. Mwanafunzi wa Bujumbura anamjua tembo kuwa ni ndovu, na neno mgema hajapata kulisikia ila katika methali hiyo moja. Akiambiwa kwamba mtu akisifiwa humtia ndovu maji, hucheka, na ana haki ya kucheka. Bahati njema sarufi hutusaidia kidogo: tembo wa porini amelala, bali tembo la kunywa limelala. Ile "-li-" iliyomo katika "hulitia" ndiyo inayotuambia kwamba tumo katika ngeli nyingine kabisa, na kwamba kinachozungumzwa ni kinywaji. Lakini baada ya kutatua jambo la ngeli, swali kubwa zaidi hubaki: kugema ni nini, nani aligema, na kwa nini neno lililosafiri mamia ya maili pamoja na lugha lilifika kwetu likiwa ganda tupu?

Katika makala haya tunakusudia kulifuata neno hilo, na kazi inayotajwa nalo, kwa kadiri historia inavyoturuhusu. Tutatoka pwani, tutapita Kongo na nyanda za juu za Iringa, na tutafika hata kwenye misitu ya theluji ya Kanada na Vermont, ambako siku hizi wako watu wetu wasio wachache. Safari hiyo ndefu haikuchaguliwa kwa ajili ya mapambo. Huko ng'ambo kuna kazi inayofanywa kila mwaka ambayo mgema wa zamani angeitambua mara moja, ingawa asingeamini baridi yake.

Tuanze nyumbani. Kiswahili cha Buyenzi kililetwa na watu wa misafara, wachuuzi, wapagazi na askari, waliotoka Ujiji, Tabora, Manyema na pwani. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, na Wabelgiji walipouchukua mji mwaka 1916, watu hao walikuwa tayari ni jamii yenye lugha yake, dini yake na mavazi yake. Katika zama za Wabelgiji wakapimiwa mtaa wenye barabara zilizonyooka, zilizopewa namba badala ya majina, na humo ndimo tunamofundisha. Walikuja na maneno ya pwani, lakini hawakuja na minazi. Mti waliouona ufukweni mwa Ziwa Tanganyika ni mchikichi, na mchikichi wa Rumonge na wa Kigoma hutafutwa kwa ajili ya mawese kuliko kitu kingine chochote. Richard Burton, aliyefika Ujiji pamoja na John Speke mwezi Februari 1858, aliyataja mawese miongoni mwa bidhaa za ziwa hilo. Ni kweli kwamba mchikichi nao hugemwa, na Kongo pamoja na Afrika ya Magharibi nzima hunywa mvinyo wake. Hata hivyo katika mtaa wa Waislamu kama wetu, mawese ndiyo yaliyoingia jikoni na jina lake, na mvinyo ukabaki nje ya mlango. Hivyo neno mgema likakosa mtu wa kulivaa.

Pwani hali ilikuwa nyingine. Mgema alikuwa mtu wa kazi maalumu, na kazi yake ilikuwa na vifaa vyake. Alikuwa na kotama, kisu kifupi kilichopinda, chenye makali ambayo hayakuruhusiwa kupungua. Alikuwa na vibuyu vyake. Alipanda mnazi kwa kukanyaga vidato vilivyochongwa shinani, akafika penye karara, yaani lile ala gumu linalofunika shada la maua kabla halijachanua. Hapo hulifunga shada lisipate kufunguka, hulikata ncha, na kutundika kibuyu chini ya jeraha hilo. Maji hudondoka tone kwa tone. Asubuhi hupanda tena, humimina kilichopatikana, hukata kipande chembamba sana ili jeraha lisizibe, na kutundika upya. Jioni hivyo hivyo. Mnazi hauna likizo: mgema asipopanda siku mbili, jeraha hukauka na kazi ya majuma huharibika. Na kila shada linalogemwa ni shada lisilozaa nazi. Kwa hiyo mwenye shamba alipokubali minazi yake igemwe alikuwa amechagua, kwa msimu huo, kati ya nazi na tembo, na hesabu hiyo imekuwa chanzo cha ugomvi mwingi baina ya wenye mashamba na wagema.

Yafaa tukumbuke kwamba kinachotoka katika mti si pombe. Kinachotoka ni maji matamu, meupe kidogo, yenye sukari kati ya asilimia 12 na 17. Watu wa pwani waliyaita tembo tamu. Yakikaa saa chache tu katika joto la pwani huanza kuchacha, na kufikia jioni ni tembo kali. Yakiachwa zaidi huwa siki. Mtungi mmoja, basi, una vitu vitatu ndani yake kwa kufuatana, na mwenye dini anaweza kuvipa hukumu tofauti: cha kwanza hakina ubaya, cha pili ni haramu, na cha tatu, siki iliyojigeuza yenyewe, wanazuoni hawaikatazi. Wapishi nao walikuwa na njia yao ya nne. Tembo ndilo lililokuwa chachu ya vitumbua na mikate ya kumimina kabla ya hamira ya kopo kufika madukani. Mama anayekaanga vitumbua alfajiri karibu na soko la Ruvumera hutumia hamira, wala hana habari kwamba hamira hiyo imekaa katika kiti cha mgema.

Njia ya tano ndiyo inayotuhusu zaidi, nayo imesahauliwa kuliko zote. Tembo tamu likitiwa motoni mapema, kabla ya kuchacha, likachemshwa mpaka maji mengi yaondoke, huwa asali ya tembo: kitu kizito, cha rangi ya kahawia, kinachoweza kukaa bila kuharibika. Kwa Kiswahili cha zamani asali haikuwa ya nyuki pekee. Ilikuwako asali ya nyuki, ikawako asali ya mua, ikawako na asali ya tembo, na msemaji alitaja ipi. Leo mtoto akisikia asali humfikiria nyuki moja kwa moja.

Ushahidi wa ufundi huo ni wa kale kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1331 hivi, Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Kutoka Kilwa hakurudi kwao, bali alivuka bahari mpaka Zafari, katika nchi ya Dhofar ambayo leo ni sehemu ya Omani, na huko akastaajabia minazi. Katika maelezo yake ya safari ameandika kwa utulivu mkubwa jinsi mnazi unavyotoa asali. Watumishi wa kazi hiyo hupanda asubuhi na jioni, hukata ncha ya kikonyo cha shada, hufunga bakuli dogo pale maji yanapodondoka, kisha hukusanya yaliyopatikana na kuyapika mpaka yawe mazito. Anasema wafanyabiashara wa India, Yemen na Uchina waliinunua asali hiyo na kuichukua kwao, wakatengenezea halua. Sisi tunaisoma habari hii kwa furaha ya pekee, maana mtu huyo alikuwa ametoka ufukweni mwetu mwaka ule ule. Dhofar na Kilwa zilikuwa zimeunganishwa na pepo zile zile za kaskazi na kusi, na mikono iliyoshika kotama pande hizo mbili ilikuwa ikifanya kazi moja.

Kuna kumbukumbu ya kale zaidi inayogusa pwani yetu kwa upande wa utamu, ingawa si ya mnazi. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kinataja asali ya mwanzi miongoni mwa bidhaa zilizoletwa kutoka India mpaka pwani ya Somalia, na kinaeleza kwamba iliitwa sakkhari. Mwandishi hakuwa na neno jingine la kukifasiri kitu hicho kigeni ila asali, kama babu zetu walivyofanya walipoona maji ya mua yaliyopikwa. Na hilo sakkhari ni jamaa wa karibu wa sukari yetu, iliyotufikia kwa njia ya Waarabu.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwa sababu historia ya utamu si tamu yote. Katika karne ya 19 bonde la mto Pangani lilijaa mashamba ya miwa ya Waarabu na Waswahili wenye mali. Miwa ilikatwa, ikasagwa, na maji yake yakapikwa katika masufuria makubwa mpaka yakawa asali ya mua au sukari guru, kisha yakapakiwa kwenda Unguja na Arabuni. Waliokata, waliosaga na waliochochea moto walikuwa watumwa. Abushiri bin Salim al-Harthi, ambaye tunawafundisha watoto habari zake kama kiongozi wa upinzani dhidi ya Wajerumani, na aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, alikuwa mwenyewe ni mwenye shamba la miwa katika sehemu hizo. Mambo hayo mawili ni kweli kwa pamoja, na mwalimu anayetaja moja na kuficha jingine humpa mwanafunzi nusu ya mtu. Watu wengi walioingizwa katika biashara hiyo ya utumwa walitoka bara, na njia ya Ujiji ilikuwa mojawapo ya njia zao. Baadhi ya majina ya koo tunayoyasikia Buyenzi yana njia hiyo nyuma yake.

Ajabu ni kwamba karne moja kabla ya hapo, upande wa pili wa dunia, kulikuwa na watu waliotaka kuupiga vita utumwa kwa maji ya mti. Mwaka 1791 daktari Benjamin Rush wa Philadelphia alimwandikia Thomas Jefferson barua ndefu kuhusu mti wa mepoli na sukari yake. Hoja yake ilikuwa rahisi: sukari ya visiwa vya Karibi imetengenezwa kwa mikono ya watumwa, mkulima wa Marekani anaweza kupata sukari katika msitu wake mwenyewe, kwa kazi ya nyumba yake, bila mjeledi wa mtu yeyote, kwa hiyo sukari ya mepoli ikienea, ya utumwa itakosa mnunuzi. Jefferson alipendezwa, akapanda miche ya mepoli kwake Monticello mwaka huo huo, na mingi ikafa. Tunalazimika kuongeza kwamba mtu huyo aliyependezwa na sukari isiyo na mtumwa alimiliki katika maisha yake watumwa zaidi ya 600. Mpango wa Rush haukufaulu, kwa kuwa sukari ya miwa ilizidi kushuka bei. Lakini wazo lake lilikuwa la haki, na lilitambua jambo ambalo wapishi wa Pangani wangelielewa bila kuelezwa: kwamba katika kila kijiko cha utamu yafaa kuuliza ni nani aliyechochea moto.

Katika lugha yetu kitenzi kugema chenyewe kilipata doa la aina hiyo hiyo. Kamusi za zamani zinaonyesha kwamba kilitumika pia kwa mpira: kugema mpira ni kuchanja mti au mtambaazi ili kupata utomvu wake. Na kugema mpira, kwa majirani zetu wa ng'ambo ya Rusizi na ya ziwa, si neno jepesi. Kongo ilipokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili, kuanzia 1885 hadi 1908, vijiji vingi vilipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta, na vilivyoshindwa viliadhibiwa kwa viboko, kutekwa kwa wanawake, kukatwa mikono na kuuawa. Mpira huo kwa sehemu kubwa ulitoka katika mitambaazi ya msituni. Mtu aliyesukumwa na hofu hakuuchanja mtambaazi kwa uangalifu apate kurudi mwakani. Aliukata kabisa apate kiasi chake leo. Kotama ya mgema wa pwani ilikata kipande chembamba ili mti uendelee kutoa. Panga la Kongo lilikata mti pamoja na kesho yake.

Turudi kwenye maji matamu, na twende Iringa. Huko Wahehe, Wabena na jirani zao hugema mwanzi. Wakati wa mvua machipukizi ya mlanzi yanapoinuka, mgema hukata ncha ya chipukizi changa, akafunga chini yake kipande cha mwanzi kilicho wazi juu na kuzibwa chini na fundo lake, kiitwacho mbeta. Kila siku hukata kipande chembamba tena, mara mbili au zaidi, sawasawa na mwenzake wa pwani. Kinachopatikana huitwa ulanzi. Ukiwa mpya ni mtamu na huitwa mtogwa. Ukikaa unakuwa mkali. Tazama uzuri wa jambo hili: mmea mmoja unatoa maji na unatoa pia chombo cha kuyapokea, na mgema hana haja ya kupanda juu kwa sababu chipukizi liko usawa wa mkono wake. Katika vinywaji vyote vya Afrika ya Mashariki sisi tunauona ulanzi kuwa ndio wenye akili zaidi katika utengenezaji, na wenyeji wa Njombe wasitudhanie kwamba tunawapendelea. Hatujapata hata kibaba kimoja kutoka kwao.

Sasa mepoli. Ni mti mkubwa wa nchi za baridi, na jani lake ndilo lililo katika bendera ya Kanada tangu tarehe 15 Februari 1965. Wanafunzi wetu huusikia kwa Kifaransa kwanza, maana ndugu zao walio Montréal, Québec au Ottawa huwatumia chupa za shira yake. Machafuko ya nchi yetu yaliwatawanya watu. Mapigano ya Machi 1995 yalipoikumba Bwiza na Buyenzi wengi walikimbilia Uvira, na wengine hawakuishia hapo. Kuanzia mwaka 2007 Marekani nayo ilipokea maelfu ya Warundi waliokuwa wameishi katika kambi za Tanzania tangu 1972, na baadhi yao wakapelekwa Vermont na Maine, yaani katikati kabisa ya nchi ya mepoli. Kwa hiyo Kiswahili kimefika penye mti huo, nacho kinahitaji maneno.

Waliougema kwanza ni wenyeji wa asili wa huko, kama vile Waabenaki na Waanishinaabe, kabla Mzungu hajafika. Walichanja gome, wakapokea maji katika vyombo vya magome ya miti, wakayapika. Na usiku wa baridi kali waliyaacha yagande juu, asubuhi wakatupa barafu. Barafu ni maji matupu, na kilichobaki chini kilikuwa kitamu zaidi. Huo ni upishi bila kuni. Wazungu walileta masufuria ya chuma, mabomba mafupi ya kupigilia katika mti, na ndoo. Kwa miaka mia mbili na zaidi kazi ilikuwa ile ya kutembea katika theluji kutoka ndoo hadi ndoo, mzigo mabegani.

Msimu ni mfupi, yapata majuma sita, mwishoni mwa majira ya baridi. Unahitaji usiku wa kugandisha na mchana wa kuyeyusha. Baridi ya usiku huufanya mti uvute maji kutoka mizizini, na joto la mchana huyasukuma kwa nguvu ndani ya mti, yakatoka penye tundu. Tundu lenyewe ni dogo: upana wake milimita 8 hivi, kina chake sentimeta 4 au 5. Mti usiofikia upana wa sentimeta 25 au 30 hautobolewi. Mwaka ufuatao hutobolewa mahali pengine, na lile la zamani mti hulifunika wenyewe. Tundu moja huweza kutoa lita 40 katika msimu, lakini maji hayo yana sukari asilimia 2 tu. Kwa hiyo lita 40 zote zikipikwa hubakia lita moja ya shira. Mpishi hujua imeiva inapochemka kwenye nyuzi 104 hivi, yaani nyuzi 4 juu ya mchemko wa maji, kisha huichuja ingali moto.

Mapinduzi makubwa ya kazi hiyo yalikuja na mrija. Majaribio ya mabomba ya chuma yalikuwako mapema katika karne ya 20, lakini yaliganda na hayakusafishika. Katika miaka ya 1950 mafundi wa Vermont na New York walianza kutumia mirija ya plastiki: kila tundu lina kijibomba chake, kila kijibomba kina mrija, mirija ya miti mingi hukutana katika mrija mkubwa unaoteremka mpaka kwenye pipa. Mti wa mwisho na wa kwanza hufanya kazi pamoja, na binadamu hukaa chini kungoja. Baadaye wakaongeza pampu za kuvuta hewa. Jambo lililotuvutia zaidi ni la karibuni, na ni la watu wadogo. Katika karne hii Timothy Wilmot, wa kituo cha utafiti wa mepoli cha Chuo Kikuu cha Vermont, alionyesha kwamba mrija mwembamba, wenye tundu la milimita 5 hivi badala ya 8 za kawaida, hujivuta wenyewe bila pampu. Katika mrija mpana maji hupita chini na hewa hubaki juu yake. Katika ule mwembamba maji hujaza tundu lote, na uzito wa maji yanayoteremka kilimani huvuta yaliyo nyuma yake. Mteremko wa meta 10 ukipatikana, mvuto hukaribia kikomo chake. Mwenye miti michache nyuma ya nyumba, asiye na umeme wa kuendeshea pampu, akapata faida iliyokuwa ya matajiri. Wengi wa namna hiyo hawana hata kilima. Mrija mfupi kutoka tundu hadi ndoo yenye mfuniko iliyowekwa chini huwatosha, na hupikia uani. Ndani ya nyumba haipikwi, kwa kuwa lita 39 za mvuke hubandua rangi ya kuta.

Mkoa wa Québec peke yake hutoa zaidi ya theluthi mbili za shira yote ya mepoli duniani, na una ghala la akiba ambalo wezi walilivamia mwaka 2011 na 2012, wakaiba tani zipatazo 3,000. Mgema aliyetia maji katika tembo alikuwa mwizi wa adabu akilinganishwa na hao, ingawa nao, kwa kweli, walijaza maji katika baadhi ya mapipa waliyoyakomba.

Tumesikia wakati mwingine ikisemwa, hata na watu waliosoma, kwamba wenzetu wa baridi walitumia akili wakapata shira, na sisi tukapata ulevi. Hesabu haikubali neno hilo. Maji ya mepoli hutoka wakati wa barafu, na chachu haina nguvu katika barafu. Mpishi ana siku nzima mbele yake. Maji ya mnazi hutoka katika nyuzi 30, na chachu imekwisha kaa ndani ya kibuyu ikingoja. Kwa utamu mnazi unaushinda mepoli mbali sana: lita sita au saba za tembo tamu hutosha kwa lita moja ya asali, pale ambapo mepoli unadai lita 40. Kilichotakiwa pwani ni kuwahi tu, kupanda asubuhi na jioni na kuwa na moto tayari, kama ilivyofanyika Dhofar. Au kupaka chokaa kidogo ndani ya chombo ili kuzuia kuchacha, kama wafanyavyo India na Sri Lanka hadi leo. Pwani walijua kuipika asali hiyo, na jina lake ndilo shahidi. Waliiacha kwa sababu tembo kali lilikuwa na mnunuzi jioni ile ile, na kwa sababu sukari ya dukani ilikuja ikawa rahisi kuliko kuni. Mjini Bujumbura, ambako sukari ya kiwanda cha Moso, kilichoanza uzalishaji mwaka 1988, imekuwa ikiadimika mara kwa mara miaka hii, sababu hiyo ya pili haina tena nguvu iliyokuwa nayo.

Limebaki suala la maneno, ambalo kwa walimu ndilo karamu. Kwa kile kinachotoka katika mti kabla ya kupikwa, tunapendelea kusema maji ya mepoli, kwa kuwa utomvu katika masikio ya wengi ni kitu kinachonata. Kwa kilichopikwa, wapo wanaosema asali ya mepoli, na kwa historia tuliyoieleza hawakosei. Sisi darasani hutumia shira, kwa sababu kila mtoto wa Buyenzi aliyekula kaimati katika mwezi wa Ramadhani anaijua shira kwa ulimi kabla ya kuijua kwa kalamu. Kwa kazi yenyewe hakuna haja ya kuunda kitu kipya: anayetoboa mepoli anagema, naye ni mgema, hata akiwa amevaa glavu.

Na kwa bomba jembamba la plastiki neno ni mrija. Mrija ulikuwa kwanza ni kipande cha unyasi au mwanzi cha kunyonyea pombe katika mtungi, ule ambao Warundi huuita umuheha na kupeana kwa zamu penye impeke. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 wanasiasa wa Tanzania waliuchukua wakaufanya alama ya unyonyaji, na wimbi la hotuba likataka mirija yote ikatwe. Vijana wanaojifunza Kiswahili kwa vitabu vya zama hizo hukutana na mrija huo mbaya kabla ya kukutana na ule mzuri. Tunapowasomea habari za misitu ya Vermont, ambamo mrija mmoja huunganisha miti mia na kuiacha yote hai, hutuuliza kama ni neno lile lile. Ndilo.